Koo Moja, Watu Wanne

Februari 1986, Fuji TV ya Japani ilianza kuonyesha katuni ya Dragon Ball, na sauti ya Goku, yule mvulana mwenye mkia, ikatoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa akikaribia miaka 50. Jina lake Masako Nozawa, mzaliwa wa Tokyo, 1936. Tangu hapo Goku amekua, ameoa, amezaa, amekufa na kufufuka, na sauti haikubadilishwa. Dragon Ball Daima ilipotoka Oktoba 2024, Nozawa alikuwa anatimiza miaka 88, na ukelele wa vita wa Goku ulikuwa bado ni wake. Vijana wa hapa Majengo, Mombasa, wanaovaa fulana za Goku wengi wamemjua kwa Kiingereza cha Marekani, ambako Goku mtu mzima amepewa sauti ya mwanamume, Sean Schemmel. Waambie kwamba mwenye sauti asilia ni ajuza wa Kijapani, watakutazama kama umewatusi.

Jambo hili la mwanamke kumsemea mvulana lilianza kwa shida ya kikazi, wala si kwa ubunifu wa mtu. Televisheni ya Japani ilianza mwaka 1953, na vituo vikawa vinanunua vipindi vya Marekani. Siku hizo sauti za Kijapani zilitiwa moja kwa moja hewani: picha inakwenda, waigizaji wamesimama mbele ya kipaza sauti, na akikosea mmoja nchi nzima imesikia. Ndani ya vipindi hivyo mlikuwa na watoto wa kiume. Mtoto halisi hawezi kuwekwa kazini usiku, kusoma mwandiko wa haraka kwake ni taabu, na akishazoea kazi anabaleghe, sauti inavunjika. Nozawa amesimulia mara nyingi kwamba ndipo wakubwa walipoona heri watafute mwanamke, naye akawa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kupewa kazi hiyo.

Kifundi waliona sawa. Sauti ya mwanamume mzima hutetema mara 120 hivi kwa sekunde, ya mwanamke 200 hivi, na ya mvulana ambaye hajabaleghe huwa juu kidogo ya ile ya mwanamke. Kwa hiyo mwanamke hana safari ndefu ya kufika kwa mtoto. Halazimiki kujiminya koo na kulia kama kinda, kosa ambalo wengi wetu hulifanya tukiigiza watoto. Kinachohitaji kubadilika ni uzito: maneno yatupwe badala ya kuwekwa, mwisho wa sentensi ukatwe, pumzi isikike. Tena koo la mwanamke halipati lile pigo la kubaleghe linalopata koo la mvulana, ndiyo maana sauti moja imeweza kutumika tangu 1986 bila mtazamaji kuona mshono.

Chumba chenyewe cha kurekodia kina adabu zake. Kwa desturi ya Japani waigizaji wa katuni hurekodi pamoja, kundi zima ndani ya studio moja, na vipaza sauti vichache tu, vitatu au vinne. Aliye na zamu huinuka, hukisogelea kipaza kwa ubavu asimgonge aliye mbele yake, husema, kisha hurudi nyuma. Karatasi hufunuliwa bila kuchakarisha. Nguo zenye kelele hazivaliwi, wala bangili. Mtu hujifunza kusoma mstari kwa jicho moja na kutazama kinywa kwenye kioo kwa jicho la pili. Na kinywa chenyewe, katika katuni ya televisheni, mara nyingi kina michoro mitatu tu: kimefunga, kimefunguka nusu, kimefunguka chote. Mchoraji hamsaidii sana msemaji. Picha ile, kabla Nozawa hajafungua mdomo, haina sauti yoyote ya kuigwa.

Hapo ndipo penye jambo linalonivutia kuliko yote. Nozawa hamsemei Goku peke yake. Anawasemea pia wanawe wawili, Gohan na Goten, na hata Bardock, baba yake Goku. Baba na wana wakikutana katika onyesho moja yeye huwajibizana mwenyewe kwa mwenyewe. Mtu atadhani siri ni kupandisha na kushusha sauti. Kupanda na kushuka kupo, lakini kazi kubwa inafanywa na maneno. Goku alilelewa na babu yake milimani, na Kijapani chake ni cha shamba: hata neno analojiitia, “ora”, mtu wa mjini halitumii hivi hivi. Gohan amelelewa na mama anayetaka mwanawe awe msomi, kwa hiyo anasema kwa heshima, sentensi zake zimenyooka. Mwandishi ameshawatenganisha kabla Nozawa hajavuta pumzi. Koo lake linapanda gari ambalo mwandishi ameshaliwasha.

Sasa turudi kwetu. Mtu aliyekulia Majengo au Guraya hahitaji kufundishwa maana ya filamu ya kigeni kusemwa Kiswahili. Kwenye vibanda vya video, mabenchi yakiwa yamejaa na feni ikizungusha joto lilelile, tulimsikiliza msimulizi DJ Afro akitujulisha stelingi ni nani kabla stelingi mwenyewe hajajua. Dar es Salaam walikuwa na Kapteni Derek Mukandala, maarufu Lufufu, na Uganda wana VJ wao kwa Kiganda. Mtu mmoja, filamu nzima: shujaa, adui, mama mkwe na polisi.

Ukimsikiliza DJ Afro kwa sikio la kifundi, unaona kwamba habadilishi sauti sana. Hana haja. Sauti ya asili haikufutwa, imepunguzwa tu, na yeye anaingia kwenye mianya. Mwigizaji wa Kihindi akilia, kilio tunachokisikia ni chake mwenyewe, na DJ anatupa maana, kejeli na utabiri. Uchungu na habari vimegawanywa kwa watu wawili. Kwa mpango huo hakuna anayejali kama midomo inalingana, na msimulizi ana uhuru wa kuongeza la kwake hata mtunzi wa filamu asilitambue. Mimi naona huo ni ufundi kamili wenye kanuni zake, na wanaouita uharibifu wa filamu hawajakaa kwenye benchi.

Japani nayo ilipitia huku. Zama za filamu bubu kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliokaa kando ya pazia wakiwasemea wahusika wote na kueleza mambo, na wengine walikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji wa filamu yenyewe. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa maelfu. Filamu zenye sauti ziliwamaliza katika miaka ya 1930. Nikimtazama Nozawa akiwasemea baba na wana peke yake, namwona benshi aliyeondolewa uhuru wa kuongeza la kwake, akabakishiwa wahusika.

Njia ya pili, ya kufuta sauti ya asili na kumpa kila mhusika msemaji wake, ilitufikia kwa nguvu mwaka 2011, pale tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilipoonyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania kwa Kiswahili. Ilipendwa kiasi cha kutajwa na Rais Xi Jinping katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. StarTimes ikaendesha mashindano ya kutafuta sauti Tanzania mwaka 2016 na kuwapeleka washindi Beijing. Azam nao wakaja na tamthilia za Kituruki. Sauti nzuri zilipatikana, hasa za kina mama. Lakini nikikaa kuzisikiliza hizi tamthilia za Kituruki, mara nyingi nasikia msemaji mwenye kipawa akihangaika na mstari mbovu: anakimbia mwanzoni, anaburura mwishoni, hasira inaangukia neno lisilo na hasira.

Sababu naijua, na ni ya kisarufi. Kijapani na Kituruki huweka kitenzi mwisho, na kukataa kumo ndani ya kitenzi. Mwigizaji anakunja uso mwishoni mwa sentensi. Kiswahili kinakataa mwanzo kabisa: ukisema “sizitaki” umeshamaliza ugomvi, na uso bado haujakunjwa. Chukua sentensi ya Kijapani “okane wa iranai”, yaani pesa sihitaji. Ihesabu: o-ka-ne-wa-i-ra-na-i. Mizani nane, na kukataa ndiko kumefunga. Mfasiri wa ofisini ataandika “Sizitaki pesa zako”. Ni mizani nane pia, lakini pigo limetangulia, na uso unapokunjwa kinywa kinasema “zako”. Geuza: “Pesa zako sizitaki”. Nane vilevile, na sasa pigo na uso vinakutana. Tena hivyo ndivyo mama wa Majengo anavyosema akiwa amekasirika kweli.

Kazi hiyo haifanywi na mfasiri wala na mwigizaji. Ni kazi ya mtu wa mizani, na Mombasa haijapata kukosa watu wa mizani. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijenga jina kwa kutia Kiswahili ndani ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Wimbo aliouimba Lata Mangeshkar Bombay, mwenyewe akiwa ni koo lililokopeshwa kwa waigizaji wa kike kizazi baada ya kizazi, ulirudi kwenye harusi za Mji wa Kale ukiwa na maneno mengine kabisa, kila silabi imekaa kwenye noti yake. Nyuma yake alikuwa na malenga kama jamaa yake Ahmad Nassir. Mtu aliyezoea kupanga nane kwa nane, vina vikilingana, na muziki wa mtu mwingine ukimngoja, haoni tabu kulisha kinywa kilichofunguka mara nane. Studio zinaajiri sauti kwa mashindano. Sijasikia mashindano ya kutafuta wa kuandika mistari.

Ikiwa siku moja Goku atasema Kiswahili, swali la kwanza nitakalouliza halitahusu sauti. Nitauliza asemeshwe Kiswahili gani. Ukimpa kile cha taarifa ya habari umemuua yule mtoto wa milimani. Mimi ningempa Kipemba cha shamba, chenye haraka yake na ucheshi wake, na Gohan nikampa Kiswahili cha darasani, anayeitika “naam” akiitwa na mamake wakati babake anajibu “n'nini?” mdomo umejaa chakula. Mwanamke mmoja angewasemea wote wawili na hakuna ambaye angewachanganya. Nimeshalitaja wazo hili barazani Mji wa Kale. Mzee mmoja alisema Kipemba ni sawa, ila Kimvita asipewe yule adui mwenye rangi ya kijani, na mwenziwe akataka kujua kwa nini adui asisemeshwe Kiunguja. Tulipoitwa kwa swala ya isha walikuwa bado hawajaafikiana.