Klipu ambayo fundi huitupa

Bomba la maji la injini lina kipenyo cha milimita 25, na kifuniko cha rejeta kinaachia mvuke kwa baa 1.2. Ukipiga hesabu, nguvu inayousukuma mpira utoke kwenye bomba hilo ni kama uzito wa kilo 6. Si nyingi. Mtoto wa darasa la nne anabeba maji kuzidi hapo kutoka kisimani Nyamilangano. Lakini mipira huchomoka, kwenye Fuso linalotoka Ulowa na marobota ya tumbaku, kwenye jenereta la machimboni, na kwenye ndege ndogo ambazo watu hujijengea wenyewe. Ndege hizo ndizo zimewalazimisha wajenzi kulichunguza jambo hili kuliko sisi wa barabarani, kwa sababu dereva wa Fuso huegesha pembeni akatafuta maji, ilhali rubani aliye juu ya msitu wa Kigosi hana pembeni.

Ndege nyingi za aina hiyo hutumia injini ya Rotax 912 ya Austria. Mitungi yake hupozwa kwa upepo, ila vichwa vyake vinne hupozwa kwa maji. Katika mpangilio wa kawaida, mipira minne hutoka kwenye pampu kwenda kwenye vichwa, minne hutoka kwenye vichwa kwenda kwenye tanki dogo la juu, mmoja huenda kwenye rejeta na mmoja hurudi kwenye pampu. Hiyo ni mipira kumi, yaani ncha ishirini zinazohitaji kufungwa. Ncha moja ikiachia, mgandamizo unaanguka papo hapo. Maji yaliyokuwa na nyuzijoto 110 bila kuchemka yanageuka mvuke, na kinachobaki ndani hakitoshi kupoza chochote. Katika mwinuko wa Ushetu, kiasi cha mita 1,200, maji yasiyo na kifuniko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ukipanda hadi mita 3,000 huchemka kwenye 90.

Basi kama kilo 6 ndizo zinazosukuma, mpira unashindwa na nini? Unashindwa na mambo matatu yanayofanya kazi pamoja. Kulanti, yaani hayo maji ya kupozea, ina utelezi, na ikipenya kidogo kati ya mpira na bomba, mshiko unapungua sana. Mtetemo wa injini nao husogeza mpira kidogo kidogo, kila saa, bila kupumzika. La tatu ndilo husahaulika: mpira uliobanwa hutiririka. Ukiukaza kwa klipu leo, baada ya joto la siku kadhaa utakuwa umejipunguza unene pale ulipobanwa, na klipu iliyokuwa imekaza imebaki imevaa tu.

Dawa ya kwanza haiko kwenye klipu, iko kwenye bomba. Mdomo wa bomba la maji lililotengenezwa vizuri una tuta dogo linalouzunguka, lenye kimo cha milimita moja au mbili. Mpira hupanda tuta hilo, kisha klipu hukaa nyuma yake. Hapo mpira hauwezi kutoka mpaka utanuke, na klipu ndiyo inayouzuia usitanuke. Utelezi haumsaidii tena adui. Nimeona mafundi wazuri kabisa wakiweka klipu juu ya tuta lenyewe kwa kuamini kwamba ndipo panapobana zaidi. Panabana kweli, lakini kwenye mstari mwembamba, na mtetemo ukianza klipu huteremka upande wowote inaotaka. Ikiteremkia mbele, mwisho wa safari umefika.

Mjenzi anayekata bomba lake mwenyewe hupata mdomo laini usio na tuta. La chuma halina shida: unazungusha mstari wa welding, kisha unalisawazisha kwa tupa mpaka pasibaki ncha ya kukata mpira. Shingo ya rejeta ya shaba unaivisha pete ya waya wa shaba na kuichomelea kwa risasi. Alumini nyembamba ndiyo yenye taabu, kwa kuwa welding huitoboa, kwa hiyo wajenzi wa ndege huivimbisha kutoka ndani kwa kifaa cha mkono. Asiye na kifaa hicho hufunga klipu mbili, vichwa vya skrubu vikielekea pande tofauti. Inakubalika, alimradi bomba limeingia ndani ya mpira kiasi cha klipu zote mbili kukaa juu yake. Klipu ya pili inayobana mpira mtupu ni pambo.

Historia ya jambo hili haiko mbali na sisi. Novemba 1914, Waingereza walikuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Walimleta rubani kutoka Durban aitwaye Cutler, pamoja na ndege-boti yake ya Curtiss yenye injini ya kupozwa kwa maji, wakapiga kambi kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Rejeta ikaharibika kwenye joto la pwani. Meli ikaenda Mombasa, ikarudi na rejeta ya gari la Ford, ikafungwa, na ndege ikaruka hadi ikaiona Königsberg. Klipu ya skrubu tunayoinunua leo Kahama ilikuwa haijazaliwa. Mwingereza Lumley Robinson aliibuni mwaka 1921.

Anayeunganisha rejeta ya chombo kimoja na injini ya kingine hukutana na vipenyo visivyolingana. Kishawishi ni kuuvuta mpira mwembamba kwa nguvu, au kuukunja mpana kwa klipu mpaka ubane. Mkunjo huo ni mfereji, na maji yataupata. Bora kuchonga kipande cha bomba chenye vipenyo viwili.

Sasa klipu. Ile ya skrubu ina faida ya kupatikana kila duka na kufunguka kwa bisibisi. Ubaya wake ni kwamba ukishaikaza haijui tena kinachoendelea chini yake: mpira ukipungua unene, yenyewe inabaki na duara lilelile. Asubuhi injini ikiwa baridi na alumini imesinyaa, unakuta tone la kulanti chini ya gari. Fundi anaikaza tena, mpira unatiririka tena, na siku moja meno ya mkanda yanaukata.

Toyota nyingi zinazofika kwetu zina klipu za chuma cha springi, zile za kuminya kwa plaizi. Fundi wa gereji akishamaliza kazi ya rejeta huzitupa, akaweka za skrubu, na mwenye gari hushukuru kwa kuona kitu kipya kinachong'aa. Mimi nadhani amepunjwa. Springi huufuata mpira ukivimba na ukisinyaa, mchana na usiku, bila mtu kuigusa, na Rotax huzitumia hizohizo kwenye mipira yake ya maji. Sharti lake ni moja, iwe ya ukubwa wa mpira ule. Springi iliyotanuka au iliyokopwa kwenye gari jingine haina kazi.

Mipira mifupi nayo huua. Injini imekaa juu ya raba zake za kuegemea na inacheza, ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi. Mpira uliokatwa sawasawa na umbali kati yao huvutwa kila injini inapotikisika, kwa hiyo uachiwe kona au ziada kidogo. Vipande vya tyubu tunavyozungushia mpira uliopasuka vinaweza kukufikisha Kahama kwa mwendo wa pole, lakini vinaficha ufa usionekane.

Kwenye injini hizo za Austria mipira ya maji hubadilishwa kila miaka 5 hata ikionekana mizima. Kati ya hapo wajenzi hufanya ukaguzi usiogharimu kitu: wanachora mstari wa rangi ya kucha kuanzia kwenye mpira hadi kwenye bomba. Injini ikishachemka na kupoa mara kadhaa, mstari ukikatika, mpira umesogea.