Hukumu ya Wanafunzi wa Goso

Msomaji, huenda ulisikia hadithi ya Mwalimu Goso ulipokuwa mdogo. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa na watu wa Unguja. Goso alisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kwa siri kuiba matunda. Buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi walimzika, kisha wakapatana kumtafuta aliyemwua, nao wamwue.

Walimu wengi huisifu hadithi hii kwa umoja wa watoto hao, kwamba hapana aliyemwachia mwenzake kazi. Ni kweli. Lakini soma tena, uone umoja huo unafanya nini. Hukumu imetangulia kesi. Walimkamata Kusi kwa kuwa ndiye avumaye, wakaanza kumpiga, na kosa lake wakamwambia baadaye. Kusi akajitetea kwamba hana nguvu, maana huzuiwa na kiambaza. Wakakiendea kiambaza kwa fimbo zile zile. Nacho kikamtaja panya, panya akamtaja paka, na hivyo hivyo kwa kamba, kisu, moto, maji na ng'ombe, hata mdudu amsumbuaye ng'ombe. Kila mmoja alijiokoa kwa kuonyesha unyonge wake na kumtwika mwingine mzigo. Unyonge si ushahidi. Wala hapana mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa juu ya mti.

Mwisho walimfikia paa, naye akawa bubu kwa hofu. Wakampiga mpaka akafa. Walimpata mwenye kosa kwa bahati, kama mtu arushaye jiwe gizani. Aliyepata kusikia ukelele wa "Mwizi!" sokoni anaujua umoja wa namna hiyo.

Hata hivyo, usiwafiche wadogo zako hadithi hii. Wasimulie, na kila mtoto umpe kiungo kimoja akiseme: huyu awe panya, yule awe moto. Mmoja akisahau, hadithi husimama, na wote humngoja; huko kungojana ni somo lisilohitaji mahubiri. Mkifika kwa paa, nyamaza nawe kidogo, kisha waulize angalisema nini. Wako watakaomtaka akane. Wako watakaosema angalikiri wizi wake na kuomba radhi, kwani hakukusudia kuua. Hapo waulize swali lililo gumu zaidi: angalikiri, wale wanafunzi wangaliteremsha fimbo zao?