Kromu Isiyotiwa: Kutu Ilivyoikwamisha M16 Vietnam

Mwaka 1966 na 1967, askari wa Marekani waliokuwa vitani Vietnam walianza kuandika barua nyumbani kulalamikia bunduki zao. M16 ilikuwa mpya, nyepesi na ya kisasa, na ilipokubali kufanya kazi ilifanya vizuri sana. Shida ni kwamba mara kwa mara ilifyatua risasi moja ikakwama papo hapo. Risasi ilishakwenda zake, lakini ganda la shaba lilibaki limeng'ang'ania ndani ya chemba. Ndoano ndogo ya kuvutia ganda iliuma ukingo wake, ikaumega, ikarudi nyuma mikono mitupu. Hapo askari hakuwa na njia nyingine ila kutoa ufito wa kusafishia, kuuchomeka kwenye mdomo wa mtutu na kuligonga ganda mpaka litoke kwa nyuma. Asiyekuwa na ufito aliuomba kwa mwenzake, risasi zikivuma juu ya vichwa vyao.

Barua hizo zilifika kwa wazazi, kwa magazeti, na hatimaye kwa wabunge. Mei 1967 kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi, ikiongozwa na Richard Ichord, mbunge wa Missouri, ilianza uchunguzi. Oktoba mwaka huohuo ikatoa ripoti kali: namna suala hilo lilivyoendeshwa ilikaribia kuwa uzembe wa jinai.

Sababu zilikuwa kadhaa, na inayotajwa zaidi ni baruti. Bunduki ilibuniwa na kujaribiwa kwa baruti ya vijiti vidogo, kisha jeshi likahamia kwenye baruti ya chembe za duara, iliyopandisha kasi ya ufyatuaji na kuacha masizi mengi zaidi. Hilo lina uzito wake. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haikuhitaji majaribio wala mjadala ili ijulikane, kwa kuwa majeshi mengine yalikuwa yameshaitatua zaidi ya miaka 20 kabla. Chemba ya M16 ilikuwa chuma kitupu. Haikuwa na kinga yoyote dhidi ya kutu, katika nchi ambayo mvua za msimu hunyesha kwa miezi na jasho la askari halikauki.

Ili kuona uzito wa jambo hili, inafaa kufuata kinachotokea ndani ya chemba kwa sehemu ndogo ya sekunde. Baruti inapowaka, shinikizo la gesi hupanda hadi zaidi ya mara 3,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ganda la shaba, ambalo ni jembamba na laini, hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, na kwa kufanya hivyo huizuia gesi isitoroke kurudi usoni kwa mpigaji. Shinikizo likishuka, shaba hunywea kidogo, ukatokea mwanya mdogo kabisa, na ganda likavutika kirahisi. Kila kitu kinategemea kuta ziwe laini. Sasa weka vishimo vya kutu kwenye kuta hizo, hata vile visivyoonekana bila tochi na kioo cha kukuzia. Shinikizo lilelile huisukuma shaba iingie ndani ya vishimo. Inaponywea haiachii. Ganda huwa limejifunga ukutani kwa mamia ya meno madogo, na ndoano ya kuvutia haina ubavu wa kuling'oa.

Kutu yenyewe haina miujiza. Chuma, maji na oksijeni vikikutana, chuma hurudi kwenye hali inayofanana na ile ya mawe yaliyochimbwa ardhini. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo humomonyoka na kufunua chuma kipya chini yake, nacho huliwa kwa zamu yake. Chumvi huharakisha kazi hii vibaya sana. Ndiyo maana alama ya vidole vyenye jasho ikiachwa usiku mmoja juu ya chuma kilichong'arishwa inaweza kuonekana asubuhi ikiwa imeandikwa kwa rangi ya hudhurungi. Na chumvi ndiyo hutoboa vishimo: badala ya kutafuna uso wote kwa usawa, hushambulia sehemu chache na kuzamia ndani.

Vizazi vya awali vya askari vilipambana na chumvi iliyotoka ndani ya risasi yenyewe. Fataki za zamani, yaani vile vilipuzi vidogo vinavyowasha baruti, zilitiwa klorati ya potasiamu, na kila zilipolipuka ziliacha mtutuni kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, yanaifunika tu. Askari wa Uingereza waliobeba Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni, kukausha, ndipo wapake mafuta, na walikuwa na faneli maalumu kwa kazi hiyo. Ushauri huo unafaa hadi leo kwa yeyote anayetumia risasi za akiba za zamani za kijeshi.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Bunduki yao ya Type 99, iliyoanza kutumika mwaka 1939, ilitiwa kromu ndani ya mtutu. Walijenga kinga ndani ya silaha badala ya kuiacha yote mikononi mwa askari aliyechoka. Vita vilipowageukia na malighafi kuadimika, kromu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoondolewa kwenye bunduki za mwisho mwisho. Wasovieti nao waliitia kromu mitutu na chemba za AK, na hiyo ni sababu mojawapo, pengine kubwa kuliko inavyosemwa, ya sifa ya ugumu iliyoifanya bunduki hiyo ichorwe hadi kwenye bendera ya Msumbiji. Wamarekani wenyewe walitia kromu kwenye M14, bunduki ambayo M16 ilikuja kuchukua nafasi yake.

Basi ilikuwaje M16 ikakosa?

Bunduki hiyo ilizaliwa nje ya mfumo wa jeshi. Eugene Stoner aliibuni katika kampuni ya ArmaLite kwa jina la AR-15, na mwaka 1959 haki zake ziliuzwa kwa Colt. Ilipoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilichukuliwa kuwa silaha iliyokwisha kukamilika, ya kujazia pengo kwa muda. Ubishi uliokula nguvu nyingi ulikuwa juu ya kitufe cha kuisukuma bolti mbele kwa mkono, ambacho Jeshi la Nchi Kavu lilikitaka na Jeshi la Anga likakiona hakina haja. Kromu ya ndani, ambayo haionekani wala haiguswi na kidole, haikupata mtetezi wa namna hiyo. Kipenyo nacho kilikuwa kikwazo: kutandaza kromu kwa usawa ndani ya tundu la milimita 5.56 ni kazi ngumu kuliko kwenye tundu la milimita 7.62.

Juu ya hayo palikuwa na uvumi uliogharimu maisha: kwamba bunduki hii inajisafisha yenyewe. Vikosi vilipelekwa vitani vikiwa na upungufu wa fito, brashi na mafuta. Kutotia kromu na papo hapo kumnyima askari kitambaa na mafuta ni kuvua kinga zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo penye kosa halisi. Chemba ya chuma kitupu inaweza kuishi kwenye unyevu iwapo inafutwa na kupakwa mafuta kila siku, na chemba ya kromu inaweza kuvumilia askari asiyepata nafasi ya kuisafisha. Kukosa yote mawili hakuvumiliki.

Marekebisho yalianza mwaka 1967 kwa mitutu mipya yenye chemba iliyotiwa kromu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kromu ilikuwa imefika mtutu mzima, kuanzia chemba hadi mdomoni. Vifaa vya kusafishia viligawiwa, na kitako cha bunduki baadaye kikapewa kijumba chenye kifuniko cha kuvihifadhi. Jeshi lilimwajiri pia mchoraji wa katuni, Will Eisner, aliyeandaa kijitabu cha rangi kuhusu utunzaji wa toleo la M16A1, na kijitabu hicho kikaingia mifukoni mwa askari ambao wasingefungua mwongozo wa kawaida.

Namna kromu inavyotiwa ndani ya mtutu inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza chemba na tundu la mtutu huchongwa kwa upana uliozidi kidogo kile kipimo cha mwisho, kwa sababu tabaka litakaloongezwa litakula nafasi. Mtutu huoshwa mafuta yote, kisha huwekwa kwenye maji ya asidi ya kromiki. Katikati ya tundu hupitishwa waya au ufito, ambao huwa anodi, na mtutu wenyewe huwa kathodi. Umeme ukipita, kromu hutoka kwenye maji na kujishikiza kwenye kuta za ndani. Waya ukipinda hata kidogo, upande mmoja hupata kromu nene na mwingine nyembamba, na mtutu huo hautapiga sawasawa. Tabaka linalobaki ni la mikroni kadhaa hadi makumi machache, jembamba kuliko unywele, lakini ni gumu mara mbili au tatu kuliko chuma kilicho chini yake. Hilo huleta faida ya pili: kromu hustahimili joto na msuguano wa risasi, kwa hiyo mtutu haulalamikii moto wa mfululizo mapema.

Kromu si kamilifu. Ina nyufa ndogondogo za asili, na unyevu ukipita humo, kutu inaweza kutambaa chini yake mpaka vipande vikabanduka. Wapiga shabaha wa mashindano wengi huikwepa kwa sababu tabaka lake halikosi kutofautiana unene, wakichagua mitutu ya chuma kisichoshika kutu kirahisi. Na asidi ya kromiki ni sumu inayosababisha saratani kwa wafanyakazi wasiokingwa vema, jambo ambalo limevisukuma viwanda kutafuta mbadala.

Nje ya mtutu, M16 ilikuwa na kinga nzuri zaidi. Mwili wake wa aluminiamu ulipitishwa kwenye umeme na asidi mpaka uso wake ukageuka kuwa tabaka gumu la oksidi. Mtutu kwa nje ulitiwa fosfati, mbinu yenye historia ndefu: Mwingereza Thomas Watts Coslett aliipatia hataza mwaka 1906, kampuni ya Parker ya Detroit ikaiendeleza, na Wamarekani wakaanza kuitumia kwenye bunduki za Springfield kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Chuma huchovywa kwenye maji yanayokaribia kuchemka yenye asidi ya fosforiki na manganizi au zinki. Mapovu hutoka, kisha uso huvaa chembe ndogo za kijivu au nyeusi zisizong'aa. Chembe hizo peke yake hazizuii kutu kwa muda mrefu. Kazi yake ni kushika mafuta, kama utambi unavyoyashika, ili yasifutike kwa mguso mmoja.

Mtindo wa kale wa weusi wenye mng'ao wa buluu, ambao bado unapendwa na wawindaji, ni dhaifu zaidi. Chuma huchemshwa kwenye chumvi za magadi makali kwenye joto la nyuzi 140 hivi, na uso wake ukageuka kuwa oksidi nyeusi, jamaa ya kutu ila tulivu. Tabaka lake ni la takriban mikroni moja. Linapendeza mno, lakini likikosa mafuta kwa wiki chache kwenye mji wa bandari kama Mombasa au Tanga, ambako upepo huleta chumvi ya bahari hadi kabatini, madoa yatajitokeza. Kuhifadhi silaha kwenye ala ya ngozi kwenye mazingira hayo ni kuiharibu, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na mara nyingi hubeba mabaki ya chumvi na asidi za kutengenezea ngozi.

Mbinu iliyopata nguvu baada ya Vietnam haiongezi tabaka, bali hubadilisha chuma chenyewe. Chuma huwekwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 500 na kitu, na nitrojeni hupenya na kuufanya uso kuwa mgumu na mkaidi kwa kutu. Bastola ya Glock, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, ndiyo iliyoitangaza zaidi mbinu hii. Kwa kuwa hakuna kinachobandikwa, hakuna kinachobanduka, na suala la waya uliopinda halipo. Kwa bunduki ya kijeshi inayopiga mfululizo, hata hivyo, kromu bado haijaondolewa kwenye nafasi yake: M4, mjukuu wa M16, inatoka kiwandani ikiwa imetiwa kromu kuanzia chemba hadi mdomo wa mtutu.