Kuona pompa kwa simu ni sawa, kuizima kwa simu ni hatari

Wandugu, leo nakosoa kifaa ambacho wengi wetu tunakisifu: moduli yenye seva ya wavuti. Ni ile kadi inayofungwa kando ya otomate, kompyuta ndogo inayoamuru mashini za kiwanda. Unaiunganisha na mtandao, unafungua kivinjari kwenye simu, unaona presha, maji yaliyobaki mu tanki, na pompa gani inazunguka. Fundi hasafiri tena mpaka kituoni juu ya kusoma namba moja. Faida hiyo siikatai.

Ubaya wake njo huu: mara nyingi ukurasa unaoonyesha pompa unaweza pia kuizima.

Nyuma ya kurasa hizo otomate nyingi zinasema Modbus, lugha iliyotoka mwaka 1979. Wakati ule mashini na otomate yake vilikaa fasi moja, na ulinzi ulikuwa ufunguo wa jengo. Modbus ya asili haiulizi jina wala neno la siri. Anayesema "zima", anatiiwa. Sasa tunaitoa nje ya jengo, tena bila kufuli.

Kuna wanaosema: weka neno la siri gumu, inatosha. Siamini. Mwaka 2011 mtafiti Rubén Santamarta alionyesha kwamba moduli ya Ethernet NOE 771 ya Schneider Electric ilikuwa na akaunti zilizofichwa, pamoja na maneno yake ya siri, yote yameandikwa tayari mu programu. Mwenye kiwanda angebadilisha neno lake kila siku, zile za ndani zingebaki palepale. Hapo hatuwezi kumlaumu fundi.

Mwezi wa 11 mwaka 2023, kule Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, washambuliaji waliingia mu otomate ya Unitronics iliyokuwa inasimamia presha ya maji. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vinatoka kiwandani na neno la siri 1111, na vingi vilionekana wazi kwenye intaneti. Wafanyakazi wa Aliquippa waliacha otomate, wakaendesha kituo kwa mikono. Walikuwa bado wanajua kufanya hivyo, njo maana maji yaliendelea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Moduli isome tu, isiandike. Ikae nyuma ya mtandao uliofungwa, hapana kwenye intaneti wazi. Amri zitolewe kituoni. Na watu wa zamu wajizoeze kuendesha bila otomate.

Kesho mmoja wetu ataitwa kufunga kadi hiyo mu kituo cha maji ao mgodini, na mteja atasema: "Nataka kufanya yote kwa simu." Umueleze mapema, mbele ya kusaini: kuona, ndiyo, kuzima pompa ya mji muzima, aende kituoni.