Kosa la Saa Sita: Ukanda wa Saa wa Kompyuta Katika Pwani ya Rufiji

Kompyuta inayotumika Bungu, kata ya Wilaya ya Kibiti ambako njia ya kwenda bandari ya Nyamisati huchepuka kutoka barabara kuu ya Kilwa, haitunzi saa ya Tanzania. Kwa ndani hufuata saa moja ya dunia nzima, iitwayo UTC, ambayo kwa matumizi ya kawaida ni sawa na ile ya Greenwich, kisha kila inapomwonyesha mtumiaji saa huongeza au hupunguza kiasi kilichowekwa kwa ajili ya mahali alipo. Kiasi hicho, pamoja na kanuni za lini kinabadilika, ndicho ukanda wa saa. Na makosa mengi hutokana na mtu kuupindisha ukanda ili airekebishe saa, au kuipindisha saa ili ukanda uonekane sahihi.

Kanuni ya Tanzania ni nyepesi, kwani ni UTC kuongeza 3 mwaka mzima. Bungu iko karibu na nyuzi 7 na nusu kusini ya ikweta, mahali ambapo mchana mrefu kuliko yote huuzidi ule mfupi kwa chini ya saa moja, hivyo hapana mwanga wa kuokolewa kwa kusogeza saa mbele, kama Uingereza inavyofanya tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hata hivyo, ofisi ya Kibiti inayowasiliana na London itaona tofauti ya saa 3 ikigeuka kuwa 2 na kurudi tena, ingawa saa yake yenyewe haikuguswa, na swichi ya kompyuta ya kusogeza saa yenyewe kwa majira haina madhara pale tu ukanda unapokuwa sahihi.

Kanuni za kanda zote hutunzwa katika kanzidata iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, ikaendelezwa na Paul Eggert, na tangu 2011 iko chini ya taasisi ya intaneti iitwayo IANA. Humo jina Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye Africa/Nairobi, kwa kuwa miji hiyo haijatofautiana tangu 1970, mwaka ambao kanzidata imeufanya mpaka wake. Windows nayo kwa ukanda huu huonyesha Nairobi peke yake. Mtanzania asiyeuona mji wake asivutwe na mji mwingine wowote wenye saa 3. Moscow, ambayo leo iko sawa na Dar es Salaam, ilikuwa mbele kwa saa moja tangu Machi 2011 hadi Oktoba 2014, kwa hiyo kumbukumbu za miaka hiyo zikifunguliwa chini ya ukanda wake zitasomeka kwa saa ambayo Bungu haikuwahi kuwa nayo.

Mtego mkubwa zaidi umo katika majina yasiyo na mji. Kwenye Linux na seva nyingi, Etc/GMT+3 haina maana ya kuongeza 3 bali ya kupunguza 3, kwa sababu viwango vya POSIX huhesabu saa kuelekea magharibi ya Greenwich, na anayeitaka saa ya Tanzania kwa njia hiyo hulazimika kuandika Etc/GMT-3. Aliyekosea huwa nyuma kwa saa 6 kamili, na hapo ndipo Mswahili huponzwa na hesabu yake mwenyewe: asubuhi ya 7:00 skrini itaandika 1:00, naye kwake ni saa moja barabara, saa nane mchana itaandika 8:00. Kosa ambalo mgeni angeliona papo hapo linaweza kukaa miezi, likifichuliwa tu na tarehe, ambayo tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hubaki ya jana.

Uzito wa kosa hilo huonekana kwenye delta ya Rufiji, ambako mikondo ya mikoko hupitika kwa kutegemea maji, na kati ya maji kujaa na kupwa hupita takriban saa 6 na dakika 12. Jedwali la maji lililogeuzwa na programu yenye ukanda huo likiandika kuwa yatajaa 4:00 alasiri, msomaji aliyezoea kugeuza saa atalifahamu kuwa saa kumi, kumbe yatajaa saa nne usiku, na nahodha atakuta matope.

Wapo wanaoacha ukanda ulivyo na kuandika saa ya Kiswahili kwa mkono. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa sasa UTC yenyewe imepotoka, na namba za siri za muda, ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30, zitakataliwa bila maelezo. Kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja ina ugonjwa wa jirani: Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa ya mahali, Linux huichukulia kuwa UTC, na kila mfumo ukiwaka baada ya mwenzake Bungu hupoteza au hupata saa 3. Tiba yake ni kuichagulia mifumo yote miwili kanuni moja, kisha amri ya Linux iitwayo timedatectl iulizwe, kwani huonyesha UTC, saa ya mahali na saa ya ubao kwa pamoja, ili ijulikane ni ipi kati ya hizo iliyokosewa kabla ya yoyote kuguswa.