Swali kwa Wakati Wake: Jinsi AnkiDroid Inavyompangia Mwanafunzi Marudio

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha jaribio ambalo msomaji wa Kiswahili angelimaliza bila kutoka jasho. Watafiti wawili wa saikolojia, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili, "mashua" likiwemo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Wanafunzi walikwenda kwa zamu: kusoma, kuulizwa, kusoma, kuulizwa. Tofauti ilianza pale mtu alipopatia neno kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea kulisoma na kuulizwa. La pili halikulisoma tena, ila liliendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma bila kuulizwa. La nne liliachana nalo kabisa.

Baada ya wiki moja wote walipewa mtihani. Makundi mawili yaliyokuwa yakiulizwa yalikumbuka asilimia 80 hivi ya maneno. Yale mawili ambayo hayakuulizwa yalipata asilimia 36 na 33. Kulisoma tena neno ambalo mtu ameshalipatia kulikuwa karibu na kazi bure. Ajabu zaidi, kabla ya wiki hiyo kupita makundi yote manne yalikadiria kwamba yangekumbuka takriban nusu. Waliojifunza vizuri na waliojifunza vibaya walijiona wako sawa.

Hapo ndipo msuli wa usiku kucha unapomponza mwanafunzi. Madesa yaleyale yakipitiwa mara tano, kalamu ya rangi mkononi, macho huyazoea na akili hudhani imeyashika. Kwenye pepa, macho hayana cha kutazama.

Matokeo hayo pia yanatoa kipimo cha kuchagua programu za simu. Programu za bure za masomo zimejaa tele: video, mihtasari, vitini, maktaba za mitihani iliyopita. Nyingi zinamwongezea mwanafunzi vitu vya kusoma. Chache zinamuuliza, na chache zaidi zinajua siku ya kumuuliza. AnkiDroid imo katika kundi hilo la mwisho. Ni programu huria ya simu za Android, haina matangazo, na hupakuliwa bila malipo. Ni ndugu ya Anki, programu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2006 na Damien Elmes. Wenye iPhone watakuta toleo lao linauzwa, ingawa wanaweza kutumia AnkiWeb bure kupitia kivinjari.

Kazi yake ikitazamwa kwa juu ni rahisi mno. Kadi ina swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mwanafunzi anasoma swali, anajibu kichwani, anafunua jibu, kisha anabonyeza kimojawapo cha vitufe vinne: amesahau, amepata kwa taabu, amepata vizuri, au ilikuwa rahisi. Ufundi wenyewe uko katika kinachofuata baada ya kubonyeza.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kuwa usahaulifu huenda kwa kasi katika saa za mwanzo, kisha hupungua mwendo. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieneza mbinu ya kadi ndani ya maboksi: kadi iliyopatiwa husogea boksi la mbele linalofunguliwa mara chache zaidi, iliyokosewa hurudi boksi la kwanza. Kisha mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland akaandika kanuni ya kompyuta iitwayo SM-2, inayolipa kila swali ratiba yake. Anki ilijengwa juu ya kanuni hiyo baada ya kuifanyia marekebisho.

Tufuate kadi moja. Leo mwanafunzi ameiona kwa mara ya kwanza na kuipatia. Kesho itarudi. Akiipata vizuri, muda wa kusubiri unazidishwa kwa 2.5, kwa hiyo itarudi baada ya siku 3 hivi. Akiipata tena, siku 7 au 8. Tena, siku 19. Tena, siku 47. Kwa miezi miwili na nusu kadi hiyo imeulizwa mara tano tu baada ya siku ya kwanza, na kila mara imeulizwa pale ilipokaribia kusahaulika. Akibonyeza "amepata kwa taabu", kile kizidisho kinapungua na kadi inarudi mapema zaidi. "Ilikuwa rahisi" hukiongeza. Akisahau, kadi inarudishwa mwanzo wa foleni. Tangu mwishoni mwa 2023 Anki ina pia kanuni mpya zaidi, FSRS, ambayo haitegemei kizidisho kimoja cha kuanzia. Inasoma historia ya majibu ya mtumiaji na kukadiria siku ambayo uwezekano wake wa kukumbuka utashuka hadi kiwango alichokichagua, kwa kawaida asilimia 90.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha wapi wengi wanakwama. Anayeongeza kadi mpya 10 kwa siku atakuta, baada ya mwezi, marudio 40 hivi kila siku, mbali na zile alizosahau. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwenye foleni ya daladala. Anayejaza kadi 50 kwa siku kwa sababu ya joto la wiki ya kwanza atakutana na marudio 200 kila asubuhi, na akiacha wiki moja yanamngoja mamia kadhaa. Hapo wengi huifuta programu na kusema haifai.

Kukwama kwingine ni kwenye uandishi wa kadi. Chukua somo la Vita vya Majimaji. Kadi inayosema "Eleza Vita vya Majimaji" ni mbovu: jibu lake ni ukurasa mzima, na mwanafunzi aliyekumbuka nusu hajui abonyeze kitufe gani. Ivunjwe. "Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani?" 1905. "Wapiganaji waling'oa zao gani kuonyesha upinzani?" Pamba. "Kinjekitile Ngwale aliishi kijiji gani?" Ngarambe. "Kwa nini dawa ya maji iliweza kuunganisha makabila mengi?" Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuiandika, na ndiyo inayolipa, kwa kuwa inamlazimu mwandishi wa kadi kuelewa sababu kabla ya kuifupisha kwa sentensi moja. Ndiyo maana kadi za kupakua kutoka kwa wengine, ingawa zinaokoa muda, hazimpi mwanafunzi faida hiyo ya kuandika mwenyewe.

Programu yenyewe husaidia kuzikamata kadi mbovu. Kadi iliyosahauliwa mara nane huwekewa alama ya "ruba", yaani inanyonya muda bila kurudisha kitu, na mtumiaji akitaka itasimamishwa kabisa. Dawa ya ruba si kuirudia kwa nguvu zaidi. Mara nyingi ni kuigawa, kuongeza mfano, au kurudi kitabuni kwa sababu jambo lenyewe halikueleweka.

Upande wa bando, AnkiDroid ni nafuu. Baada ya kuipakua, kadi zinakaa ndani ya simu na marudio hufanyika bila intaneti. Data inahitajika pale tu mtumiaji anapotaka kuhifadhi nakala AnkiWeb au kuhamisha kadi kati ya simu na kompyuta, na kadi za maandishi matupu ni nyepesi sana. Picha na sauti ndizo zinazokula nafasi. Adui aliyebaki ni arifa za WhatsApp, zinazoshuka juu ya kioo katikati ya swali. Kuzima data wakati wa marudio kunatatua hilo na hakuathiri chochote. Kwa shule za bweni zinazokataza simu, maboksi ya Leitner bado yanafanya kazi: karatasi zilizokatwa, vyumba vitano vya boksi la viatu, na kalenda ukutani.

Mipaka yake nayo ni ya wazi. Kadi haimfundishi mtu kupanga hoja za insha, na swali la fizikia lenye hatua sita halitatuliwi kwa kubonyeza kitufe. Kadi zinaweza kushika kanuni, vizio na hatua ya kwanza ya kila aina ya swali. Zilizobaki ni karatasi, kalamu na pepa za miaka iliyopita zilizofanywa kwa saa. Mwanafunzi wa udaktari mwenye majina ya mishipa na dawa mamia kwa mamia atafaidika kuliko wa sheria anayeandika uchambuzi wa kesi, ingawa huyo naye ana vifungu na majina ya kesi vya kushika.

Kuna mpangilio mmoja ambao wenye mtihani karibu huusahau. Kanuni hizi zinawaza kukumbuka kwa miaka, wala hazijui tarehe ya mtihani. Kadi iliyofikia siku 47 ikijibiwa vizuri wiki tatu kabla ya mtihani haitaonekana tena kabla ya siku yenyewe. Kwenye mipangilio ya kila rundo la kadi kuna kiwango cha juu cha siku za kusubiri. Kikishushwa hadi siku 10 mwezi mmoja kabla ya mtihani, kadi zinazoendelea kujibiwa zitarudi angalau mara moja au mbili ndani ya muda uliobaki, na zile zilizokwisha kupangiwa siku za mbali zinaweza kuitwa mapema kwa rundo maalumu la marudio. Mtihani ukiisha, kiwango kinarudishwa kilipokuwa.