Kifaa Kinapokataa Kudaka: Kuirudia "North Dallas Forty"

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daladala, nimebanwa dirishani, na abiria wa siti ya mbele akawa anamsomea mwenzake habari za usajili kwenye simu. Klabu fulani, akasema, "imeshusha kifaa". Mwenzake akauliza, "Kifaa kweli, au galasa?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao kimoyomoyo. Halafu kicheko kikanikwama. Usiku uliotangulia nilikuwa nimetazama, kwa mara ya tatu, filamu ambayo ndani yake mchezaji anawaambia mabosi wake usoni kwamba wao wenye suti ndio timu, na yeye na wenzake ni vifaa tu. Yeye analitamka neno hilo kama mtu anayefunua kidonda. Sisi tunalitamka kama sifa.

Filamu yenyewe ni North Dallas Forty ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ted Kotcheff, na imetokana na riwaya ya jina hilohilo aliyoitoa Peter Gent mwaka 1973. Gent hakuwa mwandishi aliyekwenda uwanjani na daftari. Miaka ya 1960 aliichezea Dallas Cowboys, kwenye ligi ya NFL ya Marekani, kama mdakaji, yaani yule anayekimbia mbele akidaka mpira uliorushwa huku mabeki wenye miili ya makabati wakisubiri kumwangusha. Kama hujui sheria za mpira huo wa kofia ngumu, usiogope. Kwenye kazi hii sheria za uwanjani si kitu. Kinachochezwa ni mchezo kati ya mtu mwenye mwili na mtu mwenye mali.

Nina maneno mawili ya kusema. La kwanza, sijaona kazi nyingine iliyomweka mchezaji mbele ya mwajiri wake kwa ukweli kama huu. La pili, mwisho wa filamu unatudanganya, na uongo wenyewe ni mtamu kiasi kwamba nimehitaji kuutazama mara tatu ndipo nikaushtukia.

Nianze na ukweli. Filamu inafunguka asubuhi. Phil Elliott, anayeigizwa na Nick Nolte, anaamka kitandani, damu imemtoka puani na kukauka. Anapapasa vidonge. Anajikokota hadi bafuni kama mzee wa miaka themanini, na kila kiungo kinachouma kinamkumbusha mpira fulani alioudaka. Hakuna hotuba. Kabla hajasema lolote la maana tumeshajua anauza nini na kwa bei gani.

Kisha kuna suala la sindano. Delma Huddle, mchezaji mwenzake, amekuwa akikataa kuchomwa dawa ya kuua maumivu ili acheze akiwa ameumia. Anabembelezwa, anasukumwa, mwishowe anakubali. Anaingia uwanjani na msuli unamkatikia. Hapo ndipo nilipomvulia kofia Gent. Tumezoea kudhani kwamba majadiliano ya kazi yanafanyika kwenye meza ndefu yenye chupa za maji na mawakili. Gent anatuonyesha kwamba mazungumzo magumu kuliko yote hufanyika kwenye kitanda cha daktari wa timu, mchezaji akiwa amevua nguo, na anayempa ushauri wa afya analipwa na mwajiri. Ukisema hapana, wewe si mpiganaji. Ukisema ndiyo, umetia sahihi bila kalamu.

Halafu tunafika kwenye chumba. Timu imefungwa, na kesho yake Elliott anaitwa ofisini. Upande wa pili wamekaa mmiliki Conrad Hunter, ndugu yake, kocha Strother anayewapima watu kwa takwimu za kompyuta, na mpelelezi wa kukodiwa. Mpelelezi anasoma ripoti: Elliott alivuta bangi siku fulani, mahali fulani, akiwa na mtu mwingine ambaye hakutambulika. Elliott anaelewa papo hapo. Huyo "asiyetambulika" ni Seth Maxwell, kwotabeki wa timu, mrusha mipira, nyota ambaye sura yake inajulikana na kila mtoto wa Texas. Hawakushindwa kumtambua. Wamechagua kutomtambua kwa sababu bado ana thamani. Kosa ni lilelile kwa watu wawili, na tofauti yao ni bei.

Elliott anaacha kazi palepale. Anatoka nje, anamkuta Maxwell akimsubiri, mwenye wasiwasi kama jina lake limetajwa. Wanaagana. Maxwell anamrushia mpira kwa nyuma. Elliott, mikono bora kuliko yote kwenye timu, anaiinua hewani na kuuacha mpira umgonge kifuani na kuanguka chini. Mwisho.

Mara ya kwanza nilisimama na kupiga makofi peke yangu sebuleni. Kifaa kimekataa kufanya kazi! Nani asingefurahi?

Lakini hebu tujiulize swali la kishamba: Jumatatu inayofuata, pale ofisini, kimebadilika nini? Hakuna. Maxwell bado ana ajira na bado ana hofu. Huddle bado ameumia. Daktari bado ana sindano. Mmiliki ameondokewa na mtu ambaye alikuwa ameshaamua kumwondoa. Tulichokipigia makofi ni mfanyakazi aliyejifukuza mwenyewe.

Tuiweke filamu kando kidogo, tutazame meza halisi. Mwaka mmoja tu baada ya riwaya kutoka, Julai 1974, wachezaji wa NFL waligoma wakivaa fulana zenye ngumi iliyokunjwa na kaulimbiu yenye maana ya "bila uhuru, hakuna mpira". Waliyoipinga zaidi ni kanuni iliyoitwa kwa jina la kamishna wa ligi, Pete Rozelle. Mkataba wako ukiisha na ukahamia timu nyingine, timu hiyo ilipaswa kuifidia ile ya zamani, na wasipoelewana, kamishna ndiye anayeamua fidia. Kwa hiyo ulikuwa huru kwenye karatasi, lakini nani angekuchukua bila kujua atadaiwa nini? Mgomo ulivunjika Agosti, wakarudi bila mkataba mpya. Ila kesi aliyoifungua John Mackey, aliyekuwa rais wa chama chao, iliendelea, na mwaka 1976 mahakama ikaamua kwamba kanuni hiyo inavunja sheria za ushindani.

Mwaka 1982 wakagoma tena, siku 57, na msimu ukabaki na mechi 9 kwa kila timu badala ya 16. Mwaka 1987 wakagoma siku 24. Safari hii wamiliki walikuwa wamejiandaa. Wakaokota wachezaji wa kuziba pengo, wakawavalisha jezi zilezile, na kwa wiki tatu mechi zikachezwa na matokeo yakahesabiwa. Joe Montana wa San Francisco, kwotabeki mkubwa kuliko wote wa wakati ule, alirudi uwanjani kabla mgomo haujaisha. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Seth Maxwell. Riwaya ilikuwa imeshaliona miaka 14 kabla: nyota na mdakaji wa kawaida hawakai upande mmoja wa meza, hata wakivaa rangi moja.

Ndani ya mazungumzo hayo ya 1987, kwa simulizi ya Gene Upshaw aliyeongoza chama cha wachezaji, bosi wa Dallas Cowboys, Tex Schramm, alimwambia kwamba wachezaji ni ng'ombe na wamiliki ni wafugaji, na mfugaji hakosi ng'ombe wengine. Angalia vizuri: Dallas. Ni klabu ileile aliyoichezea Gent. Mwandishi alichagua "vifaa", bosi akachagua "ng'ombe", na kama msomaji wa sitiari nakiri kwamba bosi alikuwa msanii mkali zaidi. Kifaa hakina uhai. Ng'ombe anao, anaumia, anajulikana kwa jina, analishwa vizuri, na bado anachinjwa. Yeyote aliyekulia karibu na zizi anajua mfugaji anaweza kumpenda ng'ombe wake kwa dhati. Upendo huo haumzuii kumpeleka mnadani.

Mgomo ule wakashindwa. Lakini hawakutawanyika. Waliigeuza vita kuwa ya mahakamani, na mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama likaona kwamba utaratibu wa ligi wa kuwabana wachezaji unakiuka sheria. Mwaka 1993 ukapatikana mkataba wa hali bora uliompa mchezaji mwenye miaka ya kutosha kazini haki ya kuhama mkataba wake ukiisha. Wamiliki nao wakapata chao, kikomo cha jumla ya mishahara kwa kila timu, kilichoanza 1994. Hakuna aliyetoka pale akiinua mikono na kuuacha mpira uanguke. Ilikuwa kazi ya miaka karibu ishirini, ya karatasi, ya kuchosha, ya watu wengi ambao majina yao hayatauza tiketi za sinema.

Najua utaniambia nini. Mwandishi si katibu wa chama. Ni kweli, na simdai Gent riwaya ya mikutano. Tena alichokiandika ni muongo wa 1960 alioujua mwenyewe, ambapo chama kilikuwa dhaifu na mchezaji alikuwa mpweke kweli. Upweke huo ndio ushindi wa kitabu. Tena riwaya ina uaminifu kuliko filamu, kwa sababu inamalizikia kwenye mauaji, na msomaji haruhusiwi kuondoka akidhani kwamba kuacha kazi ni kuokoka. Filamu iliyafuta mauaji hayo na kutupa ishara nzuri ya mikono badala yake. Ugomvi wangu ni na ishara hiyo. Inatufanya tuuone upweke, ambao ulikuwa ugonjwa, kana kwamba ndio dawa.

Sisemi kwamba chama ni pepo. Machi 2011 wamiliki ndio waliofunga milango, na ikafunguliwa Julai. Wachezaji walikubali mgao mdogo wa mapato. Lakini walipata kitu ambacho Phil Elliott angekilipia kwa meno yake: mazoezi ya kugongana yakapunguzwa hadi 14 katika msimu mzima wa kawaida. Walikataa pia msimu wa mechi 18. Mwaka 2020 wakakubali mechi ya 17, kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Tofauti ya kura 60. Karibu nusu yao hawakutaka, na miili yao iliingia mkatabani pamoja na ya wengine. Huo nao ni upweke, wa aina nyingine, na bado nasubiri riwaya yake.

John Mackey alifariki Julai 2011, wiki chache kabla milango haijafunguliwa. Kwa miaka mingi alikuwa amepoteza kumbukumbu. Barua ya mkewe, Sylvia, kwa kamishna wa ligi ilisaidia kuzaa mpango wa kugharamia matunzo ya wachezaji wastaafu wenye maradhi kama yake, na mpango ukaitwa 88, namba ya jezi yake. Peter Gent naye alifariki Septemba mwaka uleule. Mmoja aliuandika mwili unaoumia. Mwingine aliupeleka mahakamani. Nimejaribu kuchagua nani alifanya kazi kubwa zaidi na nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba bila Gent nisingeujali mkataba wa Mackey hata kidogo.

Nirudi kwenye daladala. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto wetu, alitangaza kuachana na Yanga mkataba ukiwa haujaisha, akarudisha fedha alizoamini zinatosha kuuvunja. Kamati ya TFF ikaamua kwamba yeye bado ni mali ya Yanga kimkataba. Miezi ikakatika. Juni 2023 Rais Samia akawaomba viongozi wa Yanga walimalize, na siku chache baadaye kijana akawa Azam. Sifungui kesi hiyo upya. Mkataba ni mkataba, na klabu ina haki zake. Nakumbuka tu jinsi tulivyoijadili vijiweni: ana shukrani au hana, nani kamdanganya, atauzwa bei gani. Sikumbuki hata mmoja wetu, nikiwemo mimi, aliyeuliza wachezaji wenzake walikuwa wapi, au kwa nini mtu mmoja na mama yake walilazimika kusimama upande mmoja wa meza hadi Ikulu ilipotia neno.

Hatukuuliza kwa sababu lugha yetu ya mpira ilishatukalisha upande wa wenye timu. Tunasema "tumemnunua", "tumemtoa kwa mkopo", "tumemtema". Ni "sisi" gani hao? Mimi sijanunua mtu. Nimelipa nauli ya Mbagala.

Itafuteni filamu, kisha riwaya, kwa mpangilio huo, ili utamu utangulie na uchungu ufuate. Na ukifika pale mpira unapoanguka, usikimbilie kupiga makofi. Mtazame Maxwell. Filamu inamwacha nyuma na mimi siku hizi simwachi: ameajiriwa, anaogopa, anajua kwamba rafiki yake kafukuzwa kwa kosa lao wawili, na kesho ana mazoezi. Hadithi ya mazungumzo ya kazi inaanzia kwake, siku atakapoamua kusema kwamba yule wa pili alikuwa yeye.

Kama unaijua riwaya ya Kiswahili iliyomkalisha mchezaji kwenye meza hiyo, niambie. Mimi bado sijakutana nayo.